Kofia ya Chuma ya Bogna

Toruń, 3 Aprili

Mjomba Wit,

Shikamoo. Masikio yanaendeleaje? Mama anakusalimu, anasema kwenye simu humsikii, ila chupa ikifunguliwa unasikia. Sisi wazima, kichwa tu kinanigonga kidogo.

Naomba unifulie kofia ya chuma. Nimechaguliwa kwenye kikosi cha wanawake cha mapambano ya mavazi ya chuma kama ya askari wa kale, watano kwa watano, mashoka butu, mpaka mtu alale chini. Yangu imebonyea shavuni. Nataka nyepesi, yenye matundu mapana ya macho, maana wa ubavuni simwoni. Mashindano ni tarehe 20 Agosti.

Mpwa wako,
Bogna

Supraśl, 15 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo unauma, mengine salama. Mwambie mama yako nimemsikia.

Nyepesi sahau. Chuma chepesi hupitisha pigo lote kichwani. Yako itakuwa ya kilo tano, uzito ukae mabegani. Kati ya fuvu na chuma vidole viwili, pajazwe pamba iliyoshonwa. Tundu la macho liwe jembamba kuliko ncha ya shoka. Ukitaka kumwona wa ubavuni, geuka.

Sasa nijibu: ya zamani ilibonyeaje? Na kichwa kinagonga tangu lini?

Mjomba wako,
Wit

Toruń, 9 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na samahani kwa kukawia. Kusoma kunanichosha siku hizi, hasa kukiwa na jua.

Ilikuwa Februari, mazoezini. Nahodha wetu, Dobrawa, alinipiga rungu. Niliinuka, wakanipigia makofi. Nyumbani nikatapika, nikalala siku mbili. Daktari alisema nisipigane mwaka mzima. Mama hajui, anadhani ilikuwa homa; ukimwambia tumekosana.

Vipimo vya kichwa nimeviandika. Usipowahi, Dobrawa ataniazima kofia yake ya akiba. Inanipwaya kama ndoo, lakini itafaa.

Mpwa wako,
Bogna

Supraśl, 20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini umeamka vizuri leo. Barua yako nimeisoma mara nne. Vipimo umeviandika mara mbili, juu na chini ya ukurasa, na havilingani.

Nimefua kofia zaidi ya mia. Wawili kati ya waliozivaa, leo hawawezi kufunga kamba za viatu. Kofia zao hazikuwa na ufa. Chuma hulinda fuvu, mwanangu. Ubongo humo ndani unatikisika wenyewe.

Nikikataa, utaingia uwanjani na hiyo ndoo. Nikikubali, nimekusukuma kwa mkono wangu. Nimeliwaza hilo siku tatu. Nitaifua. Ila njoo uichukue mwenyewe, tule matango ya chumvi, tuzungumze. Na mama yako nimeshamwandikia.

Mjomba wako,
Wit

Toruń, 30 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Kwa hiyo ulimwandikia. Mama hajasema nami mwezi mzima, ananiwekea supu mezani na kuondoka.

Sitakuja huko. Tuma kofia au usitume, tarehe 20 nipo uwanjani.

Bogna

Supraśl, 11 Agosti

Mpwa wangu,

Hujambo? Kofia imekwisha. Sitaituma, nitaileta mwenyewe, nikufunge mikanda kwa vidole vyangu. Na ukibadili nia hata tukiwa tumeshafika kwenye kamba za uwanja, niambie tu. Hakuna atakayekucheka mbele yangu.

Mjomba wako,
Wit

Toruń, 17 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. U mzima? Mama yupo nami, amefunga mapazia. Naandika mistari mitatu kwa siku, kwa hiyo barua hii ni ya wiki nzima.

Wananiambia tulishinda. Kofia ipo hapa kitini, haina hata alama. Sikumbuki kuivaa.

Dobrawa alikuja kunitazama, akalia sana. Anasema kabla ya pambano mimi na wewe tulikaa nyuma ya hema karibu saa nzima. Nilikuegemea begani, anasema, nikacheka, kisha nikakwambia jambo nawe ukanifunga mikanda ya kofia.

Tafadhali niandikie nilisema nini. Tumia herufi kubwa.

Mpwa wako,
Bogna