Usikubali Waukate Mwaloni

Mjukuu wangu Salma,

Nina miaka themanini na mbili. Kafili wangu, yule bosi aliyenidhamini Uarabuni, kaondoka, meno yameondoka, na daktari aliyenikataza halua tumeshamzika. Mimi nipo. Bibi yako mzima, anakusalimu.

Unasema mwaloni wako huko ugenini umeota madoa, majani yanapukutika kabla ya wakati, na mwenye nyumba anataka kuukata. Usikubali kwanza.

Enzi za neema ya mafuta nilitunza bustani Al-Hamra, Jeddah, na hapakuwa na mtunzaji kama mimi. Mti wa mkungu wa uani kwa bosi ukafanya hivyo hivyo. Bosi akasema, "Halas, kata!" Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, "Mafi kukata, baba," yaani hakuna kukata. Angeweza kunifukuza siku ile ile. Mama yake mzee akatoka nje: "Mwache Mzanzibari atuoneshe." Nikakwangua kitawi kwa ukucha, ndani kibichi, kumbe mti bado hai. Madoa yalikuwa kwenye majani ya chini tu, yanayorushiwa maji ya mpira. Nikafagia yaliyoanguka, nikawa namwagilia shinani tu. Ukapona. Yule mama namuombea dua mpaka leo, maana bila yeye nani angenisikiliza?

Nawe kwangua uone. Kama huniamini, muulize shangazi yako Zuhura: alizaliwa huko huko Jeddah, na mti ulipokwisha kupona alijifunza kutembea akiushikilia mkungu ule.

Babu yako