Wanga Kwenye Vioo vya Bwana Jicho

Jumatatu, 3 Juni
Hujambo daftari? Baba watoto hajambo, goti tu. Mama mkwe analalamika, basi mzima. Kitindamimba wangu, binti wa chuo, hajambo ila hali chakula — Ijumaa anatetea utafiti wake wa udongo. Asipopita, miaka minne ya masomo imekwenda na maji! Mimi nipo, napiga deki maabara ileile anayosomea.

Mwalimu wake, Bwana Jicho, kapita na tope juu ya deki yangu. Eti kaona madini mapya kwenye hadubini, atayapa jina lake. Kichwa kile kimeshajaa, jina litakaa wapi?

Jumanne, 4 Juni
Binti kaniita nichungulie. Niliogopa kuvunja! Vipunje kama mayai, vyeupe. Nikauliza, mbona vimo kwenye vioo vya udongo vya Bwana Jicho tu, vyako havina?

Katia tone la iodini. Buluu tii! "Mama, huu ni wanga."

Makoti nafua mimi! La Bwana Jicho hulitaka gumu kama bati, hata wanga wa kupika haumtoshi — natia mbichi, mara mbili. Akikunja mkono tu, unga unamwagika juu ya vioo. La binti sitii kitu.

Jumatano, 5 Juni
Binti kamweleza Bwana Jicho kwa adabu. Naye kamcheka! Mtoto wa mfagizi ndiye wa kumfundisha kuona? Aandike madini, la sivyo Ijumaa asitokee.

Msomi huyo! Mimi niliishia darasa la nne, lakini wanga naujua.

Alhamisi, 6 Juni
Bwana Jicho kaniletea koti. "Mama, tia wanga mwingi, kesho nina wageni watahini." Nimetia. Mara tatu. Limesimama lenyewe kitini, lina akili kuliko mwenyewe.

Binti kaandika kurasa mbili: moja madini, moja wanga. Hajui atasoma ipi. Nami nitamwambia nini? Nikimponza je?

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nimemtilia binti kichupa cha iodini mfukoni. Kakigusa. Hakukirudisha.

Wameingia, mlango umefungwa. Nipo koridoni, napiga deki palepale mara ya nne. Bwana Jicho anacheka — peke yake. Mtahini mmoja, mama wa miwani niliyemwona akiingia, anauliza hicho kichupa ni cha nini.

Mwanangu sauti siisikii. Jibu, mwanangu! Kisha nitumie neno, hata kikohozi tu, upesi, maana ndoo imejaa. Kakohoa! "Ni cha kupimia wanga," anasema.