Karatasi Usiyoifunua

3 Februari

Kaka yangu,
U mzima? Mimi mzima. Baba hajambo kiasi. Mkono na mguu wa kushoto bado vimelala.

Nimeanza hesabu kwenye darasa la watu wazima. Jana tumechora mchoro wa mti: kila kura inatoa matawi mawili. Nikachora kura zetu za kila Januari, za nani abaki kumuuguza baba na nani aende zake. "Kaa" au "nenda", mara tano: ncha thelathini na mbili. Ncha ya "kaa" mara zote tano, yangu mimi, ni moja tu. Mwalimu akasema, "Ni nadra, lakini hutokea."

Sawa. Ila kila mwaka karatasi zote mbili uliziandika wewe. Ukanipa nichague kwanza, yako ukaitia mfukoni: "Yako imeshasema, ya nini kufunua nyingine?"

Ilikuwa imeandikwa nini?

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,
Huku kwema, kazi tu ndiyo inatubana. Hesabu zisikutie wazimu, bahati haina mwenyewe. Msalimie baba.

Kaka yako

1 Machi

Kaka,
Hali yako sikuulizi. Bahati pia sikuiuliza. Nimeuliza karatasi.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,
Natumai barua hii itakukuta umepoa. Haya basi: zote mbili niliandika "kaa". Nilikuwa nimepata kazi, nikaogopa kuikosa. Na wewe una moyo wa kuuguza, mimi sina. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Baba usimwambie.

Kaka yako

22 Machi

Kaka,
Barua yako nimemsomea baba, kwa sauti, mara mbili. Akaisukuma chai kando, akasema, "Nifungie nguo zangu."

Mimi nimepata nafasi chuo cha ualimu. Jumamosi saa nne asubuhi tutakuwa mlangoni kwako. Usiseme nyumba ndogo. Ulitaka tugange yajayo. Yajayo ndiyo hayo.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,
Hujambo huko chuoni? Sisi tupo, ila mgongo wangu umekwisha. Nikimgeuza kitandani anaguna kwa maumivu. Uji kwa mke wangu anakunywa, kwangu anafumba mdomo. Kazini wamenipa likizo ya wiki moja tu. Nakuomba, unamnyanyuaje bila kumuumiza?

Kaka yako

16 Aprili

Kaka,
Sijambo, nimenenepa hata. Barua yako nimeicheka, sikufichi.

Muulize mwenyewe. Miaka mitano hukuwahi kumuuliza lolote, na anaongea vizuri tu.

Mdogo wako