Nundu ya Ubavuni

Kwako mdogo wangu, fundi mstaafu,

Salamu zikufikie hapo kwa mwanao, wewe na shemeji yangu na kizazi chote. Natumai goti lako limeacha kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mimi sijambo, ila nilikuwa na jambo, na jambo lenyewe nusura linizike. Usishtuke. Mfu haandiki barua, tena kwa penseli ya fundi. Mwandiko ni ule ule wa darasa la nne; palipo na kosa rekebisha kimoyomoyo.

Nataka ufanye kitu kimoja: uende hospitali ukapigwe picha ya kifua, na umchukue mjukuu wako, yule binti mwenye nundu magotini. Najua hospitali unaipenda kama paka anavyopenda maji. Soma kwanza hadi chini, halafu ukatae ukiweza.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa karakanani, nimekaa kwenye kiti changu cha kupimia, namsimulia mteja nilivyokuwa nikicheza dansi. Sikubeba kitu, sikuanguka. Nilijinyoosha tu kuchukua rula rafuni, nikasikia kitu kinanichoma ubavuni kulia, kama kibanzi kilichoingia kwa ndani. Nikamalizia hadithi, maana ilikuwa imefika patamu. Saa sita pumzi ikawa fupi, jasho la baridi likanitoka, na binti yangu mshonaji, aliyeniletea chakula, akasema uso umekuwa rangi ya chokaa. Nikamwambia ni uzuri wa uzeeni. Hakucheka. Akaita teksi.

Hospitali wakakuta upande mmoja wa kifua umejaa damu. Si ndani ya pafu, elewa. Ni nje yake, kati ya pafu na mbavu, na pafu lenyewe limebanwa kama shati kwenye droo iliyojaa. Wakanitia mrija, ikatoka damu ya kujaza chupa kubwa na nusu yake. Muuguzi akamtoa binti yangu nje, akarudi kuniuliza polepole kama kuna mtu nyumbani ananipiga. Nikajibu kwamba napigwa kila siku, lakini kwa maneno. Akaandika. Ilibidi nimbembeleze afute, mwanangu asije akalala polisi.

Daktari wangu ni dada mdogo, umri wa wajukuu. Akasema damu ya kifuani huletwa zaidi na ajali au kipigo. Ikija yenyewe, sababu zake ni za nadra na hutafutwa moja moja. Akauliza kama nameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Simezi. Kama pua hunitoka damu ovyo. Hapana. Akatafuta uvimbe mbaya, akatafuta mishipa iliyojisokota, hakuna. Siku mbili hizo nilisali hadi sala nilizozisahau, nikazichanganya. Mwishowe wakaniingiza kwenye ile mashine ya duara, na mwizi akakamatwa: mfupa umeota kwenye ubavu, mkali kama msumari uliopitiliza ubao, unatazama ndani. Nilipojinyoosha, ukachana utando wa pafu. Miaka yote tumeishi kwa amani, siku moja ukakumbuka kwamba una ncha.

Wakatoboa vitundu vitatu, wakaingiza kamera na zana zao, wakaikata ile ncha na kulainisha palipobaki. Nilimuuliza daktari kama alipiga msasa. Akasema alipiga. Huyo ni fundi mwenzetu.

Kesho yake akanipapasa magoti na viwiko, akakuta nundu nyingine. Akauliza za wazazi, nikamweleza miundi ya baba ilivyokuwa kama barabara mbovu. Akasema hii hurithiwa. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Nyingi hazidhuru, ila zinazoota mbavuni zikatazama ndani ni za kuchungwa, na kuchoma huku huwapata zaidi vijana. Nikashukuru kuhesabiwa miongoni mwao. Binti yangu akasema baba mdogo naye ana nundu begani, na mjukuu wake pia. Hapo mzaha ukaniishia.

Daktari akauliza hii ya ubavuni niliigundua lini. Binti akanijibia, kwamba baba yake, akiwa na miaka kumi na miwili, alitupiwa nyundo ya mbao na mdogo wake ikampata ubavuni, na nundu ikabaki hapo. Hadithi hiyo kwetu hata kuku wanaijua. Daktari akasema picha haionyeshi mfupa uliowahi kuvunjika, kisha akanitazama. Nikajidai mshono unaniuma.

Mdogo wangu, kaa chini. Nyundo yako haikunipata. Ilipita karibu na sikio ikagonga fremu ya mlango. Lile bonde tulilolipaka rangi kila mwaka ndiyo kazi yake. Nilianguka kwa kukwepa. Nundu nilikuwa nimeigundua majuma mawili kabla, nikioga. Mama alipoipapasa akalia, ukalia na wewe, nami nikaona hapa pana faida. Nilikusudia iwe siku moja tu. Kesho yake ukanibebea maji. Siku ile ikawa miaka hamsini na minane. Wewe ukashika msumeno na randa, mimi nikashika rula na mdomo. Ulipochoka, nilijishika ubavu tu, nawe ukaendelea kukata. Bega lako lililokwisha, nimelimaliza mimi.

Hata sasa nilitaka kunyamaza. Lakini nakujua. Ungesikia damu imejaa ubavu ule ule, ungesema umemuua kaka yako, ukajifungia chumbani badala ya kwenda kupigwa picha. Hukuniua. Hukunigusa. Ni mfupa wa baba, na kama uko kwenu, ukionekana mapema hukatwa na mtu akarudi nyumbani kula. Nichukie utakavyo, ila mpeleke mtoto.

Daktari bado anasubiri jibu lake. Nimemwambia kuna mtu anayestahili kulipata kabla yake.

Nimekatazwa kazi nzito kwa wiki sita. Zikiisha, njoo. Kiti cha kupimia kitakuwa chako, msumeno utakuwa wangu, na mafundi watacheka hadi wakae chini. Nyundo bado ipo, imetundikwa juu ya mlango. Ukitaka kunitupia tena, una haki. Safari hii sitakwepa.

Nisalimie shemeji, na umwambie mjukuu kwamba magoti yake ni ya ukoo, asiyaonee haya.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Ubavu, uliyemkosa.