Namba Moja, Vihisi Viwili

Mwenzangu uko wapi? Shika simu! Leo nimelipiza kisasi mpaka nimeshiba.

Si unamjua yule fundi wa zamu yetu, Makelele? Kasema mbele ya meneja na wateja, "Huyu dada aliunganisha nyaya kwa kubahatisha." Kwa kubahatisha! Mimi!

Kisa? Tangi la kwanza la mafuta halina hata tone, skrini inasema limejaa. Pampu ikagoma kulijaza. Kiwanda kizima kimya.

Sasa sikia. Kila tangi lina kihisi cha kupima kina, na kila kihisi kina namba yake. Kompyuta ikiita namba, chenyewe kinajibu. Vipya vyote vinatoka dukani vikiwa namba moja, lazima ubadilishe kabla ya kufunga. Jana nani kafunga kipya tangi la nne? Makelele! Hakubadilisha kitu. Kompyuta ikiita "moja", vinaitika viwili, kama mapacha wasio na adabu, na skrini ikashika jibu la tangi la nne, lililojaa pomoni.

Nilienda tangi la nne nikachomoa waya wa kihisi chake. Skrini ikaporomoka mpaka sufuri, pampu ikanguruma. Meneja akauliza, "Hiki alifunga nani?"

Mwenzangu, debe tupu leo halikuvuma!

Subiri, bado. Wateja walipoondoka akanifuata nyuma ya kabati la nyaya, sauti laini kama anaposa: "Dada yangu, hivi hiyo namba inabadilishwaje?"

Nikamtazama juu mpaka chini. Nikamwambia, "Bahatisha."