Boya la Tatu

Jumapili, 3 Machi

Tumeshika mkia! Boti tisa, na sisi wa tisa. Tumepitwa hata na mwalimu wa hesabu na mkewe, ambao hawawezi kugeuza tanga bila kwanza kugombana.

Niandike ilivyokuwa kabla sijaisikia tena kwa mdomo wa kaka. Boya la kwanza tulilizunguka vizuri, tuko wa tatu. Mimi mbele, nimeshika kamba ya tanga dogo, na kama kawaida natangaza: boya lile pale, kulia kidogo, upepo unakuja, kuna boti kushoto. Kufika boya la pili kaka akanifokea. Kelele nyingi, unaniumiza kichwa, hebu funga mdomo. Sawa. Nikafunga. Nina miaka hamsini na mbili, nina mjukuu, nikafunga mdomo.

Boya la tatu tukalipita upande usio wake. Mchana kweupe! Niliona toka mbali kwamba tunakwenda kombo. Nikasema moyoni, hapana, si kasema ninyamaze? Sheria ya klabu ni moja: ukikosea upande, unarudi unalizunguka upya. Tukarudi. Boti zote zikatupita, na mke wa mwalimu akatupungia mkono.

Tulipotoka majini watu wakauliza kulikoni. Kaka akacheka, akasema mdogo wangu alisinzia. Wakaangua kicheko. Na mimi nikatabasamu! Hicho ndicho kinachonichoma kuliko vyote.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeharibu lenzi mbili leo. Nazisaga, namsikia kaka: "alisinzia". Mteja wa kwanza aliniuliza kama naumwa.

Boti ile nimeiunda mimi. Mbao, gundi, misumari ya shaba, miezi kumi na moja kwenye chumba cha nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya fremu. Siku ya kuitoa ilibidi ning'oe mlango na kipande cha ukuta. Kaka alileta tanga kubwa, kweli, simnyimi haki yake. Lakini siku ya kwanza tu aliingia akaenda moja kwa moja nyuma kwenye usukani, akakaa. Hajatoka hapo miaka saba.

Ni mwalimu wa udereva. Miaka thelathini na moja yuko kwenye lile gari lenye breki mbili, anaamrisha watu: kioo, taa, gia, tulia. Hata nikimpa lifti mimi, mguu wake unakanyaga breki ambayo haipo. Klabuni wanamwita Breki. Anaipenda hiyo!

Mwaka jana aliniahidi mbele ya mama: mashindano makubwa ya mwaka ujao utaendesha wewe. Mama akapiga makofi. Mwaka ujao umefika. Tarehe 17.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepita klabuni mchana kuangalia ubao. Fomu zimebandikwa. Boti yetu — Nahodha: yeye. Msaidizi: mimi.

Nilisoma mara tatu, kana kwamba maandishi yatanionea huruma. Katibu akatoka ofisini. Ni nesi mstaafu, akikusalimia unahisi unataka kutoa ulimi. Anasema kaka alikuja Jumanne, akamwomba amwandikie, eti kasahau miwani ya kusomea nyumbani. Miwani ipi? Hajawahi kuchukua miwani kwangu. Kila akija dukani anaishia mlangoni, anaongea na mimi akiwa amesimama, utadhani nadai kodi.

Nikampigia kaka. Akasema nina mwanafunzi barabarani, tutaongea. Hatukuongea.

Nikampigia mama. Kosa kubwa. Mwanangu, kaka yako ni kaka yako, na heshima si utumwa. Sawa mama. Na ahadi je? Akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kabla sijavua nguo zilizolowa. Si kwa hasira tu.

Tumetoka kufanya mazoezi. Nilikwenda nimenuna, nimeapa sitatoa neno. Tukaondoka, upepo mzuri, kimya. Baada ya muda kaka akaanza: mbona husemi? Nikamwambia umeniambia nifunge mdomo. Akasema usilete utoto, kazi ya msaidizi ni kusema anachokiona. Nikamuuliza kwani wewe hulioni boya?

— Naliona. Si ndilo lile pale la machungwa?

Nikageuka kutazama. Bwawa zima hakuna kitu cha rangi ya machungwa. Maboya ya zamani yalipasuka, wiki hii katibu ameweka mapipa ya bluu. Matatu, makubwa, kila mmoja analalamika kwamba ni mabaya.

Nikamjaribu. Nikasema tu, kulia kidogo. Akaenda kulia. Kulia hakukuwa na lolote. Nikasema kushoto, kushoto zaidi. Akaenda kushoto. Nikamwambia sasa nyoosha. Akanyoosha! Kaka yangu, Breki, anayenifokea miaka saba, alikuwa anafuata mdomo wangu. Nikamtazama vizuri. Hakuwa anatazama maji. Alikuwa amegeuza uso kunielekea mimi, sikio mbele kidogo.

Boya la tatu. Sikusinzia, nilinyamaza. Na nilivyonyamaza yeye akabaki hana njia.

Tulipotoka majini akapapasa kiatu chake cha kushoto, ndimo anamoficha funguo za gari kila tukiingia kwenye boti. Akazitoa, akapanda lile gari lenye ubao MWANAFUNZI juu ya paa, akaondoka. Akapiga na honi ya kuniaga. Nikabaki nimeshika mlingoti.

Jumapili, 10 Machi

Mimi ni fundi wa miwani! Miaka ishirini na tano nachungulia macho ya watu nisiowajua, na ya ndugu yangu wa tumbo moja sijayaona.

Sijui nimkasirikie nani kwanza. Yeye. Halafu mimi. Halafu yeye tena.

Jumatano, 13 Machi

Kaja. Nilimdanganya kwamba tanga dogo limechanika, aje aone. Akasimama mlangoni kama kawaida yake. Nikamwambia ingia, kaa kwenye kiti.

— Kiti gani?

— Kiti cha wagonjwa, kaka. Kaa.

Akacheka. Akasema mimi macho yangu ni ya mwewe, nani kakutuma. Lakini akakaa — nadhani alijua akikataa itakuwa mbaya zaidi. Akajinyoosha, akafunga jicho moja kwa kiganja hata kabla sijamwambia. Akaanza kusoma ubao wa herufi. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka zile ndogo za chini kabisa ambazo hata mimi nahangaika nazo. Harakaharaka, sauti ya darasani. Hakukosea hata moja.

Tatizo ni kwamba ubao huo niliubadilisha mwezi uliopita. Alichosoma ni ubao wa zamani! Ule uliokaa ukutani pangu miaka kumi. Kumbe huko mlangoni alikokuwa akisimama alikuwa anaukariri, tangu bado anauona.

Nikamwambia. Mkono ukashuka toka usoni. Mteja akachungulia, akarudi nje. Nikammulika macho yote mawili. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Mboni zimefunga ukungu, huhitaji hata kusomea kuuona. Nikamweleza: kwa hii miwani haisaidii, lakini hospitali wanatoa, nusu saa tu, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Watu wanatoka wanalia kwa furaha.

— Mtu akuingizie kisu jichoni, nawe uko macho unamtazama?

— Hutamtazama kaka, hata sasa hutazami kitu!

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele kaka maisha yangu yote. Sauti ilinitoka nikaiogopa mwenyewe. Nikamuuliza, na barabarani? Akasema barabarani anayeendesha ni mwanafunzi. Na mwanafunzi akikosea? Nina breki. Unamfungia breki nani usiyemwona? Akasema barabara zote za mji huu anazijua kwa mgongo, kila tuta, kila kona. Nikamwambia mtoto anayevuka barabara si tuta, hawezi kumkariri.

Akainama. Akasema nipe mpaka Jumapili. Baada ya mashindano naacha.

— Unaacha nini? Gari?

— Boti.

Boti! Niliondoka dukani kwangu mwenyewe, nikamwacha humo amekaa.

Alhamisi, 14 Machi

Mke wangu anasema nimwite mama, wazee wakae, mambo yaende taratibu. Hasira hasara, baba. Nikamwambia hasara ipi, kuna watu barabarani! Sasa nimegombana naye pia. Alikuwa anakunja nguo, akaziacha nusu.

Saa saba gari la MWANAFUNZI likapita mbele ya duka. Msichana amekaza usukani kwa mikono miwili, shingo mbele. Pembeni yake kaka, mtulivu, kiwiko dirishani. Wanakwenda upande wa shule ya msingi. Nilisimama na fremu ya mtu mkononi mpaka wakapotea.

Nimemwandikia barua mwenye chuo chao cha udereva. Mistari sita. Nimeichana. Nimeandika nyingine, mistari minne.

Ijumaa, 15 Machi

Barua iko mfukoni. Nimepita mbele ya chuo mara mbili. Mara ya pili mlinzi akanisalimia, ananijua: wewe si mdogo wake Mwalimu? Nikasema ndimi. Akasema huyo mzee kanifundisha mimi, kamfundisha na mke wangu, hakuna kama yeye.

Nikarudi na barua yangu. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 16 Machi

Kaka kapiga simu. Sauti ya asali. Kesho usukani ni wako. Nimeshamwambia katibu abadilishe fomu, Nahodha wewe, msaidizi mimi. Umefurahi?

Miaka saba nimeungoja usukani huo! Nimeota naushika. Nilijua hata nitavaa shati gani. Na sasa naletewa kwenye sahani, na najua unalipia nini. Hakutaja barua, haijui. Hakutaja gari. Alisema tu, mambo ya familia yabaki ndani ya familia, eh? Akakata.

Nilimwambia mke wangu. Akasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamuuliza kifo cha nani. Akasema hapo ndipo na yeye anapoogopa. Tumepatana.

Jumapili, 17 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Niko kwenye stoo ya matanga klabuni, nimekaa juu ya mfuko wa kamba. Nimesema nimesahau glavu. Kipenga cha kwanza kimelia, cha pili ni baada ya dakika kumi.

Kaka amekuja akiendesha mwenyewe. Peke yake! Nilimwona anaingiza gari kwenye maegesho, taratibu, kwa madaha, akasimama kidole kimoja kabla ya kigogo. Watu wakamsifu. Kwa mgongo, kama alivyosema. Halafu kanikumbatia mbele ya wote, akatangaza: leo mdogo wangu ndiye nahodha, mimi nimestaafu! Wakashangilia. Mwalimu wa hesabu akanipa mkono. Mke wake akasema wakati umefika. Ndivyo hasa nilivyotaka isemwe, neno kwa neno. Nilimpenda kaka, papo hapo, na hasira haikupungua hata chembe.

Nikamvuta pembeni. Baada ya hapa unakwenda wapi? Nina mwanafunzi saa nane, anasema, mtihani wake kesho, nampitisha mara ya mwisho njia ya shule. Leo Jumapili hakuna watoto, usiwe na wasiwasi. Akanipiga begani. Na kesho? Kesho ni kesho.

Namwona kupitia mlango. Ameshaingia kwenye boti, amekaa mbele, mahali pangu. Ameshika kamba ya tanga dogo. Kazi ya msaidizi ni kusema anachokiona! Usukani nyuma yake uko wazi, unachezacheza na maji.

Ananiita sasa. Njoo, nahodha! Anatabasamu, amenyoosha mkono kumvuta mtu aingie — anamnyooshea katibu. Sote tumevaa jaketi za kuokolea za rangi moja, na katibu kasimama karibu na boti na karatasi zake. Njoo basi, mdogo wangu, unaona haya? Watu wanacheka, wanadhani ni utani wa Breki. Katibu hacheki. Amemtazama usoni, kwa jicho lile la kinesi, halafu amegeuka anatazama huku stooni.

Viatu viko mlangoni hapa, vimepangwa, vya wote. Cha kwake cha kushoto kimeinama kidogo kwa uzito wa funguo za gari. Nikinyoosha mguu nakigusa.

Kipenga cha pili.