Kiberiti Alikataa Maji

Dada yangu mpenzi,

Hujambo, na goti lako je? Uliniambia linakusumbua ukipanda ngazi, nami nikakujibu kwa mzaha kwamba uzee haupigi hodi. Safari hii nauliza bila mzaha: umekwenda kupimwa au bado unajipaka mafuta na kujidanganya? Wanangu hawajambo? Mwambie mkubwa kwamba sketi yake sijaisahau, ingawa kitambaa kimekaa kabatini mpaka kimeota mikunjo. Mama mdogo wake ni mvivu siku hizi, anisamehe. Mimi mwili mzima. Nakula, nashona, nagombana na wateja wanaonenepa katikati ya kazi halafu wanasema nimekosea vipimo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi wewe unaimalizia. Na kila ulipouliza habari za upasuaji wa pili nilikwambia mtandao mbovu, sikusikii. Dada, mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Shemeji yako yuko vilevile. Upande wa kulia umelala, na maneno hayajarudi tangu walipomfungua kichwa mara ya kwanza. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na si mkono wote, ni kidole. Akigonga mara moja ni ndiyo, akigonga mara mbili ni hapana. Kwa kidole hicho tunaishi. Anachagua chakula, ananiambia mto umekaa vibaya, na nikimsimulia umbea wa mtaani anagonga mara mbili, maana yake nisiongeze chumvi. Sasa daktari anasema mshipa mwingine umevimba. Wakiuacha, unaweza kupasuka siku yoyote na ndiyo iwe basi. Wakimpasua, huenda akaishi miaka, lakini alituambia waziwazi kwamba hata hicho kidole kinaweza kulala moja kwa moja.

Unawakumbuka wale rafiki zake wa Jumamosi, wale uliowaita watoto wenye ndevu? Kamba, fundi mwenzake wa lifti, yule anayekagua kamba za chuma mpaka akalibeba jina, na yule mwalimu wa hesabu mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Hawakumtupa. Wengine waliokuwa wakija kula kwetu wamepotea kama walioitwa na mkuu wa mkoa, lakini hawa wawili kila Jumamosi mchana wanakuja na mchezo wao, wanaukunjua pale kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Miaka yote niliwacheka. Watu wazima, wana kazi na vitambi, wanapigana vita vya karatasi!

Nikueleze, maana na mimi nimeuelewa juzijuzi. Kamba ndiye msimulizi. Anatunga milima, mapango na majitu, kisha anauliza kila mtu anafanya nini. Kila mchezaji ana mtu wake aliyemuunda mwenyewe kwenye karatasi: ana uhai kiasi gani, nguvu kiasi gani, wepesi kiasi gani. Ukitaka kuruka ukuta au kumpiga mtu, unarusha dadu yenye nyuso ishirini na kuomba Mungu. Mtu wako akiishiwa uhai amekufa, hakuna kubembelezana.

Shemeji yako alikuwa bingwa wa kutokufa. Unamjua yule, mtu wa kukagua breki ya lifti mara tatu kisha anashuka kwa ngazi. Wapiganaji wake waliishi mpaka Kamba akawa anamsihi afe kidogo, hadithi isogee. Basi majuma machache yaliyopita Mwalimu akasema imetosha kumkalisha kama pambo, aundiwe mtu mpya, na mimi niwe mkono wake: niulize, yeye agonge, mimi niandike. Dada, nilifurahi. Nisikufiche, nilivaa hata lile gauni la kijani.

Kwa kugonga akachagua mpiganaji wa mikono mitupu, asiye na upanga wala ngao, anayepigana kwa nguvu nne za dunia. Kamba alinifafanulia kama anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Udongo unakukinga, unakupa ngozi ngumu. Upepo unakuwezesha kukwepa na kukimbia. Maji yanafunga vidonda, yanakurudishia uhai. Moto unapiga kuliko vyote, lakini kila ukiutumia unakula uhai wako mwenyewe. Una alama chache za kugawa, gawa upendavyo.

Mimi nikasema tugawe sawa kwa sawa, kidogo kila mahali. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Akasema hilo ndilo kosa la kila mgeni, kwamba mtu wa namna hiyo hana anachokiweza, na mshika mbili moja humponyoka, sembuse anayeshika nne. Nikanuna, nikamgeukia mwenye mtu wake. Udongo? Mara mbili. Upepo? Mara mbili. Maji? Nikamwambia haya, maji lazima, yanaponya. Mara mbili. Nilidhani kidole kimekosea, nikauliza tena polepole. Mara mbili. Moto? Mara moja. Nikaweka alama moja, nikauliza inatosha? Mara mbili. Nikaongeza, nikaongeza, mpaka zikaisha zote. Kisha nikatania, nipunguze na uhai nipeleke motoni? Mara moja. Mwalimu akapiga hesabu, akasema huyu atawaka vizuri na hatamaliza siku, tumwite Kiberiti. Kamba akamtania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Tulicheka wote, dada. Hata yeye ule upande mmoja wa mdomo ulipanda. Nikasema moyoni, jamani, mume wangu karudi.

Jumamosi iliyofuata wakacheza. Walikuwa wanavuka daraja, na jitu la barafu likawazibia njia. Kazi ilikuwa kuvuka tu, si kuliua. Mtu wa Mwalimu alivuka, ikabaki zamu ya Kiberiti. Akapiga kwa moto, jitu likayumba, uhai wa Kiberiti mwenyewe ukapungua. Kamba akasema njia iko wazi sasa, anaweza kukimbia. Nikamuuliza, unakimbia? Mara mbili. Akapiga tena. Kamba, ambaye kwa kawaida hana huruma hata kwa mwanawe, akasimamisha mchezo, akasema mwenzake kule ng'ambo amenyoosha mkono, amshike tu, hata dadu hairushwi. Nikauliza. Mara mbili. Nikamwambia baba, shika mkono, utakufa. Akanitazama, akagonga mara mbili, taratibu kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akapiga mara ya mwisho. Jitu likaanguka na Kiberiti akaanguka nalo.

Mezani kwao kuna desturi kwamba mtu wako akifa hukai na msiba. Vikombe haviondolewi mpaka uanze kuunda mwingine palepale. Kamba akaweka karatasi mpya, Mwalimu akachonga penseli. Nikauliza tena kama mjinga. Moto? Mara mbili. Upepo? Mara mbili. Udongo, maji? Mara mbili, mara mbili. Kisha kile kidole kikaisukuma karatasi, kidogo kidogo, mpaka ikaanguka chini ya meza. Wenzake wakasema amechoka, wakamsifu kwa kufa kishujaa, wakaaga. Wao waliona mchezo. Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, dada, mimi sikuona mchezo.

Walipoondoka niliketi mbele yake, vikombe sikuvigusa. Nikamuuliza kama anazungumzia upasuaji. Mara moja. Nikamuuliza kama hautaki. Mara moja. Nikamuuliza kama anajua maana yake. Akagonga mara moja, kisha akafumba macho kusubiri nimjibu. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia asinichoshe, nina suti ya harusi ya kumaliza. Nikaenda kwenye cherehani, nikakanyaga kama mwendawazimu, na ile suti nimeifumua yote.

Sasa sikia, na usiniingilie, maana barua haikatwi. Jumanne iliyopita tulikwenda hospitali. Kile chumba unakijua, kile chenye feni inayolalamika na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja. Daktari ni kijana mstaarabu. Akaeleza kwamba kama mgonjwa anaelewa na anaweza kukubali au kukataa, basi uamuzi ni wake mwenyewe, hata mke hana sauti. Kama haelewi, uamuzi ni wangu. Akainama, akamsalimia shemeji yako kwa heshima, kisha akanigeukia mimi kwa kuwa ndiye ninayekaa naye. Akaniuliza: huwa anaelewa?

Dada, kidole kilikuwa juu ya mkono wa kiti, tayari. Nilikiona. Nikaweka kiganja changu juu yake, kama mke anayemshika mumewe mkono, nikakibana. Nikasema haelewi, daktari. Nikasema kile kidole ni mshtuko tu, kinaruka chenyewe. Nilikisikia chini ya kiganja changu kinasukuma, mara mbili, mara mbili, mara mbili, nami nikazidi kubana huku nikimtazama daktari usoni, na machozi yananitoka mpaka akanipa karatasi ya kujifutia. Kisha kikaacha. Nikatia sahihi. Watampasua Alhamisi hii inayokuja.

Usiniambie nilifanya kwa mapenzi. Nimeshajiambia hivyo na hainisaidii. Sikutaka kubaki peke yangu na cherehani, ndiyo kweli yenyewe, mengine ni mapambo. Mume ambaye hatazungumza, hatagonga, hatanitazama, lakini anapumua chumbani kwangu, nilimtaka huyo kuliko kaburi. Nikampata mapema kuliko nilivyotegemea. Tangu tulipotoka pale hajagonga. Namuuliza uji au chai, kimya. Namuuliza kama ana maumivu, kimya. Nimempigia magoti, nimemwambia nitarudi kwa daktari niseme kweli, agonge mara moja tu niende. Kidole kipo, dada, kizima, jana nimekiona kinafukuza nzi. Lakini mimi hanigongei.

Jumamosi wakaja. Kamba alimwekea dadu kiganjani, akamtania, akamtukana kwa zile lugha zao za kazini. Hakuna kitu. Mwalimu akapiga magoti akamuuliza moto, maji, upepo, udongo, akarudia tena. Shemeji yako alitazama ukutani. Nilipowasindikiza hadi kwenye ngazi Mwalimu alinikumbatia akilia. Alisema imebaki mwili tu, na afadhali, angalau hajui yanayomkuta. Nami nikaitikia. Nikasema ndiyo, mwalimu, afadhali.

Kwa hiyo daktari anaamini, Kamba anaamini, Mwalimu anaamini. Ningerudi leo kusema nilidanganya, nani angenisadiki, na ningewaonyesha nini? Nimebaki mimi na yeye tunaojua, na sasa wewe.

Kama goti litakuruhusu, njoo kabla ya Alhamisi. Usije kunifariji, sitaki. Ukiingia, mpitie yeye kwanza, umsalimie, umpe habari zote, uongeze na chumvi. Mimi nashindwa kuingia chumba kile mchana kweupe.

Mpe mama salamu zangu, umwambie tu mkwewe anamsalimu, usizidishe. Wanangu wabusu. Na barua hii, dada, usiisome kwa sauti ukiwa hapa kwangu. Kuta zetu nyembamba, na masikio yake hayana kasoro yoyote.

Ni mimi, mdogo wako.